Kabati Lenye Makufuli Mawili

Katika hospitali yetu, mtu akinyang'anywa ufunguo ameshaitwa mwizi. Hakuna anayengoja ushahidi. Dawa za serikali zina miguu, kila mtu hapa mjini Koboko anajua, na miguu hiyo hukimbilia mpakani, upande wa Kongo au wa Sudan Kusini, kokote ambako watu huuliza bei kabla ya kuuliza mali imetoka wapi. Kwa hiyo ufunguo wa kabati la dawa ndio heshima ya mtu. Anauvaa kiunoni mahali pa kuonekana, na siku akipita bila huo, hata muuza chapati wa getini atauliza kulikoni.

Mimi ni mkunga. Nilizaliwa Pajulu, kwenye mashamba ya mihogo nje kidogo ya Arua, nikaolewa Koboko, na huko ndiko ninakofanyia kazi. Mama mkwe wangu husema Mungu aliponiumba alianza na mdomo, akachoka, vingine akavimalizia haraka haraka. Sijawahi kumbishia. Mdomo huo umenigharimu vyeo, lakini kuna mtu mmoja anayepumua leo ambaye huenda asingekuwapo kama ningekuwa mpole.

Mtu huyo tulimwita mtu wa usingizi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha wakishashonwa. Tulikuwa naye mmoja tu. Mama akikwama kujifungua, anaitwa yeye. Kijana akiangushwa na boda boda, yeye. Alikuwa Mkakwa wa hapo hapo Koboko, mrefu, mwenye utani usiokwisha na miguu mikubwa ajabu. Katika chumba cha upasuaji, ambacho sote tunakiita thieta, gambuti nyeupe ni mali ya kulindwa, kwa maana zenye saizi nzuri hazikawii kupotea. Zake hazikupotea kamwe. Hakukuwa na mwizi aliyeweza kutembea nazo.

Kisha akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Alitufikia akiwa amepoteza damu kupita kiasi. Nilikuwa mle ndani, niliona kila kilichofanyika. Mtoto tulimtoa mzima, akalia vizuri. Mama hakuamka. Hakuna kosa lililotendwa siku ile, na anayetaka kubishana aje abishane na mimi. Lakini shemeji wa marehemu alimsubiri rafiki yangu huyo wa usingizi uani, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Wewe ndiyo alilaza yeye," akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Sasa amusha yeye."

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kana kwamba anaomba kitu kinachowezekana. Rafiki yangu alisimama pale amevaa gambuti zake.

Sisi tulimwambia nini? Tulimwambia pole, jikaze. Kisha tukamwita kwenye upasuaji uliofuata, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumwita. Hilo neno jikaze nalichukia. Kwenye semina wanapenda kutuambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Nimefanya kazi na wavumilivu wengi sana, na hizo mbivu sijaona mtu akizila.

Utani wake ukakatika. Saa ya chai tulikuwa tunakula muhogo pamoja kwenye sinia moja; akaanza kusema ameshiba. Alikuwa na majibu mawili tu, sawa na haina shida. Halafu asubuhi moja akaja wodi ya wazazi, akaweka gambuti zake mbele ya meza yangu. Alikuwa amezisugua mpaka zinang'aa.

"Sista, hii iko yako."

"Mimi mguu yangu iko ndogo. Na wewe atavaa nini?"

"Mimi hapana taka tena," akasema, akatabasamu kwa midomo tu, akaondoka zake na kandambili.

Nilikuwa nimefundishwa dalili hizo, sote tulifundishwa, kwa ajili ya wakimbizi wa makambini: anayegawa vitu vyake, anayejitenga na chakula cha wenzake, anayesema amechoka hata akiwa ameamka sasa hivi. Mkufunzi alisema mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa, kutwa nzima. Neno mwenzako hakulisema hata mara moja, ingawa chumba kizima kilikuwa kimejaa watu wenye macho mekundu wanaosinzia kwenye viti. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na sisi tukageuza maneno hayo kuwa kanuni ya kazi.

Nyuma ya thieta kuna benchi la kukunjia shashi. Shashi, kitambaa chepesi cha kufutia damu, huja kwa bunda, tunaikata, tunaikunja vipande vidogo, tunavipanga kwenye pipa la chuma vikachemshwe kwa mvuke. Asiye na mgonjwa hukaa pale akunje. Mikono ina kazi, macho yako chini, mdomo unabaki huru. Ndoa za hospitali hii zimevunjwa na kuunganishwa kwenye benchi lile. Nilimkuta kwenye ukumbi wa thieta, nikamwambia shashi imeisha, aje tukunje. Akaja, kwa kuwa kazi hakuwahi kuikataa.

Tulikunja kidogo. Kisha nikamuuliza.

"Wewe nafikiri kujiua?"

Nilimuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Wapo wanaodhani ukimuuliza mtu jambo hilo unamtia wazo kichwani. Upuuzi mtupu. Mimi huwauliza akina mama kila siku kama wanatokwa damu, na sijawahi kumletea mtu damu kwa kumuuliza. Mficha uchi hazai. Na asiyeulizwa ataonyeshaje?

Alikunja kipande kimoja, akakikunja vibaya, akakikunjua.

"Ndiyo, sista."

"Leo?"

"Leo, kesho, mimi hapana jua. Mimi nachoka kabisa."

Mkono wake ukaenda kiunoni, kwenye ufunguo wa kabati la dawa kali, ukatulia pale. Mengine aliyoniambia ni yake, hayatatoka kwangu. Niliogopa, nasema wazi. Nimeshika watoto waliokuja matako kwanza, na mama waliozimia mikononi mwangu, lakini hofu ya siku ile sikuwahi kuipata.

"Leta funguo," nikamwambia.

"Hapana."

"Leta."

"Sista, wewe ukichukua hii funguo, watu ya Koboko atasema mimi nauza dawa Kongo. Baba yangu atasikia kwa soko. Mimi nikikufa, iko neno ya siku moja. Mimi mwizi, hii neno atakula watoto yangu, na watoto ya watoto yangu."

Hapo nikakasirika, na hasira ikanisaidia. Neno la siku moja! Nikiwa msichana kule Pajulu niliona jirani yetu akizikwa haraka haraka bila ngoma wala matanga, kwa kuwa alijitoa roho mwenyewe. Mama yake alikatazwa kulia. Miaka imepita, na mama yule hadi leo hataji jina la mtoto wake mbele za watu. Na sheria nayo humhesabu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kwa hiyo mtu akiumwa ugonjwa huu, ukoo unageuka, sheria inageuka, na sisi wenye makoti meupe tunamwambia ajikaze. Nilimwambia hayo yote, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka jikoni.

"Kama ni mwizi, tutakuwa wezi wawili," nikamalizia. "Watu atasema wewe, atasema na mimi. Leta."

Akalia. Mtu mzima mwenye miguu ile, akalia akijifuta kwa shashi tuliyokuwa tumeikunja, na ikabidi tuikunje upya baadaye. Kisha akaufungua ufunguo kutoka kwenye mkanda, akaniwekea kiganjani. Niliusokomeza ndani ya sidiria, mahali ambapo hakuna mwanamume wa utawala ambaye angethubutu kupekua.

Sikumwacha. Nilimwomba ruhusa nimwite mkewe, akaniruhusu. Mke alikuja na boda boda, akasikiliza, hakupiga yowe. Alikaza kitenge chake kiunoni, akasema usiku huo hatakuwa peke yake hata chooni, na kesho twende Arua sote.

Kwenye hospitali kubwa ya Arua kuna kitengo cha afya ya akili. Tulipofika, rafiki yangu aliona benchi la wagonjwa, akasimama.

"Dakitari nakaa na wagonjwa kwa benchi?" akaninong'oneza. "Iko mulango ya nyuma."

"Leo wewe iko mugonjwa. Kaa."

Akakaa, mimi upande huu, mkewe upande ule. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mbele yetu kwenye foleni alikuwapo mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwenye mkoba wa plastiki magotini. Alimtazama kwa muda mrefu bila aibu.

"Wewe iko ya Koboko," akasema. "Wewe ndiyo alilaza mimi, wakati wa kutoa mutoto. Mimi naamuka muzuri."

Rafiki yangu akainua kichwa. "Asante, mama."

"Na hapa nafanya nini?"

Nilifungua mdomo nimkinge kwa uongo wowote ule. Akaniwahi.

"Mimi naumwa, mama."

"Pole, mutoto yangu," akasema mama yule, akavuta mkoba wake, akasogea. "Basi wewe pita mbele. Mimi leo iko na nafuu."

Akapita mbele. Mganga wa mle ndani alikaa naye kwa muda mrefu, akampa dawa na siku za kurudi kuzungumza, akaandika kwamba asiguse kazi mpaka atakapoambiwa. Mkewe alitoka ameshika zile karatasi kwa mikono miwili. Tulikunywa soda sokoni Arua kabla ya kurudi, na yeye akaimaliza chupa yake, jambo ambalo nililiangalia kuliko kitu kingine chochote.

Ufunguo ulibaki kwangu, na kama nilivyotarajia, Koboko haikulala bila kuongea. Nilipofika kazini muuza chapati aliniuliza kama ni kweli mtu wa usingizi amekamatwa mpakani na katoni za dawa. Fundi wa boda alikuwa amesikia ni gunia. Mkuu wa hospitali akaniita ofisini. Ni daktari, si mtu mbaya, ila anaogopa wakubwa wake kuliko anavyoogopa malaria.

"Sista, yeye ameiba ama hapana?"

"Hajaiba."

"Sasa kwa nini funguo iko kwako?"

Hapo ndipo penye ugumu. Rafiki yangu hakuwa amenipa ruhusa ya kusema habari zake, na siri ya mgonjwa ni siri, hata mgonjwa akiwa mwenzetu. Nikinyamaza, ni mwizi. Nikisema, nimemvua nguo. Mkuu alikuwa ananingoja huku akigonga meza kwa kalamu.

Nilitoka bila kujibu. Nilikwenda sokoni nikanunua kufuli, nikarudi, nikalitundika kwenye kabati la thieta juu ya lile la zamani. Kabati likawa na makufuli mawili. Ufunguo wa kwanza nikamrudishia mkuu, wa pili nikabaki nao. Unaweza kuwaza kelele zilizofuata. Siku ile ile akaitisha mkutano wa wafanyakazi wote, na ajenda ilikuwa dawa.

Nikaeleza. Kabati lifunguliwe na watu wawili, kila siku, kila zamu, na hata mkuu mwenyewe asilifungue peke yake. Dawa za dharura zibaki kwenye trei kama zamani. Na yeyote akimwambia mwenzake leta funguo, huyo mwenzake ampe bila kuuliza sababu mbele za watu, kisha wakae kwenye benchi la shashi waongee.

"Wewe naita sisi wezi?" akauliza mkuu, na chumba chote kikanguruma naye.

Hata hapo waliona mwizi tu. Kabati lina makufuli mawili, basi dawa zinaibiwa. Akilini mwao hakukuwa na njia nyingine.

"Mimi hapana sema mwizi," nikasema. "Mimi nasema mutu. Sisi iko watu. Nani hapa hajawahi kutamani asiamuke kesho?"

Mkuu aligonga meza kwa kalamu.

"Sista, kaa chini. Hii iko mukutano ya dawa."

"Sikai."

Na sikukaa. Niliwaambia habari zangu, kwa kuwa hizo hazihitaji ruhusa ya mtu. Niliwaambia kuhusu mapacha niliowapokea wakafia mikononi mwangu, mmoja kisha mwenzake, na jinsi nilivyorudi nyumbani nikapika, nikaogesha wanangu, nikatamani kulala nisiamke. Hamu hiyo ilinikaa msimu mzima wa mvua, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza, ingawa kila asubuhi walinisalimu na nikawajibu nzuri. Sauti ilinikatika katikati. Sikujali. Niliendelea nayo hivyo hivyo imekatika.

Nesi wa thieta, ambaye hajawahi kunipenda na mimi sijawahi kumbembeleza, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alisema bila kugeuka, "Hata mimi." Watu wengi waliangalia viatu vyao. Mkuu aliangalia karatasi zake mpaka nikadhani amelala. Nilijiandaa kwa barua ya onyo.

"Funguo ya pili," akasema hatimaye, "zamu ya leo atakaa na nani?"

Ndivyo kanuni yangu ilivyopita.

Rafiki yangu alirudi kazini mganga wa Arua alipomkubalia, na mtu wa usingizi wa pili, ambaye tulikuwa tukimwomba tangu zamani, akaletwa kumsaidia, baada ya mimi kuandika barua nyingi hadi mkuu akaanza kunikimbia. Muuza chapati alimuuliza getini mbele ya wateja alikuwa wapi. Akamjibu kwamba alikuwa mgonjwa, ugonjwa wa kutaka kufa, na sasa anatibiwa. Muuza chapati akageuza chapati yake, akasema pole, akamkatia kipande. Sio wote waliokuwa kama yeye. Wapo hadi leo sokoni wanaosema aliiba dawa akahonga watu. Waseme. Yupo hai, anawasikia.

Jambo moja tu lilininyima raha. Gambuti zake hakuziomba. Alifanya kazi na za kuazima, ambazo zilimbana hadi akatembea akichechemea, na mimi nikazivaa zake wodi ya wazazi kila siku, nimejaza soksi ndani, nikiburuza miguu. Akina mama waliokuwa na uchungu walinicheka. Ningeweza kumrudishia. Sikutaka. Nilitaka aziombe mwenyewe, na kila siku aliyopita bila kuziomba nilimtazama machoni kwa makini zaidi.

Majuzi nilipata siku mbaya. Mtoto aliyekuwa amekamilika kila kitu, kucha, nywele, alizaliwa hana pumzi, na nilihangaika naye hata wenzangu waliponigusa bega niache. Nilitoka nje ya wodi. Ndugu wa mgonjwa walikuwa wamejaa ukumbini, mkuu alikuwa akipita, na rafiki yangu akaja moja kwa moja mbele yangu, akanyoosha kiganja.

"Sista, leta funguo."

Uso ulinichoma. Kanuni ni yangu, kufuli nilinunua mimi, na bado aibu ilinipanda kutoka miguuni, kwa kuwa mama mmoja pale ukumbini alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Ndipo nikaelewa mwenzangu alichonipa siku ile kwenye benchi. Nikaingiza mkono kifuani, nikautoa ufunguo, nikampa.

Tukaenda nyuma. Akaweka bunda la shashi katikati yetu.

"Wewe nafikiri kujiua?" akaniuliza, kwa sauti ile ile niliyotumia mimi.

"Hapana. Leo hapana. Leo iko hasira na machozi tu."

"Kweli?"

"Kweli."

Alinitazama muda mrefu, jinsi anavyomtazama mgonjwa kabla ya kuamini kwamba ameamka. Nikalia, akaniacha nilie, akaendelea kukunja. Nilipomaliza aliinama akaangalia miguu yangu.

"Basi vua buti yangu," akasema.

"Nini?"

"Vua. Kesho iko upasuaji mingi, na vidole yangu nachoka. Na wewe nachafua hii buti tu."

Nilizivua mbio mbio hata soksi za kujazia zikatawanyika chini ya benchi. Alizivaa pale pale, akakanyaga kanyaga, akalalamika kwamba nimezipanua. Nikarudi wodini na soksi miguuni. Mkuu wa hospitali alinisimamisha mlangoni, akauliza viatu vyangu viko wapi.

Nikamwambia vimerudi kwa mwenyewe, ana kazi navyo kesho.